Sijambo ya Mwantumu

Mgonjwa akisema sijambo, mshike mkono. Nimewaona mkitazamana niliposema hivyo, na huyu mwenye miwani kacheka kabisa. Mwakani mtakuwa wauguzi, basi wekeni simu chini kidogo niwaeleze maneno haya yalikotoka.

Katika kituo cha afya cha Kwemhanga alikuwapo muuguzi aitwaye Stumai. Hodari, mwepesi, na hati yake inasomeka. Lakini alikuwa na mazoea. Kila asubuhi husimama mlangoni mwa wodi ya wazazi akauliza, "Hamjambo, wazazi?" Vitanda vyote vinane huitikia pamoja, "Hatujambo." Naye huandika katika kila faili: hajambo. Sasa niambieni, nani kwetu huulizwa hali akajibu kuwa ni mbaya? Hata aliyevunjika mguu hujibu sijambo kwanza, habari ya mguu ikafuata baadaye. Stumai alilijua hilo tangu utotoni, ila hakuwahi kwenda nalo kazini.

Siku moja kitanda cha tano alilala Mwantumu, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza jana yake. Mama mkwe wake, Bi Mkunde, hakubanduka pale, na kila apitaye alimsikia akisifu: "Mkwe wangu hana deko. Kazaa hata jirani hakusikia." Ukisifiwa hivyo mbele za watu, utaanzia wapi kulalamika?

Tabibu Kihiyo alikuwa ameshatia saini ruhusa. Mume anangoja nje na bajaji, Bi Mkunde ameshampakata mtoto. Stumai akaenda kuwaaga.

"Hujambo, mzazi?"

"Sijambo, dada."

Stumai alikuwa anageuka, akili iko kwenye chai, Mwantumu alipomnyoshea mkono wa kwaheri. Akaushika. Ulikuwa wa baridi, tena umelowa jasho, na nje jua la saa sita linachoma. Hakuuachia. Akateremsha vidole kwenye kifundo, akatazama saa yake. Mapigo yalikimbia hata kuyahesabu kazi. Hofu ikamwingia, na aibu pia, maana mafaili yaliyokuwa kwapani mwake yalikuwa na mwandiko wake mwenyewe: hajambo, hajambo, hajambo.

"Bi Mkunde, huyu haondoki."

"Karuhusiwa, mwanangu. Na mwenyewe kasema hajambo."

"Kasema mbele yako, mama. Naomba utupishe kidogo."

Bi Mkunde akatoka amenuna. Pazia lilipofungwa tu, Mwantumu akaanza kulia. "Tumbo linajaa, dada. Tangu jana jioni. Nikisimama naona giza."

Stumai akamgusa. Mfuko wa uzazi ulikuwa laini, umepanda juu ya kitovu. Damu ilikuwa inajikusanya ndani.

Tabibu Kihiyo alikuja amekunja uso. "Presha yake ya asubuhi ilikuwa nzuri. Nani kakwambia anavuja damu?"

"Mkono wake. Ushike mwenyewe."

Akaushika. Papo hapo akaagiza vifaa. Kumbe kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki. Wakakitoa, wakamtundikia dripu, na mumewe akatolewa damu ya kumwongezea. Alasiri, mkono ule ukaanza kupata joto. Tabibu akamwambia Bi Mkunde bila kumficha kwamba wangeondoka na ile bajaji, Mwantumu asingefika magharibi. Bi Mkunde akavuta kiti. Alikaa kando ya kitanda ameushika mkono wa mkwewe mpaka wakamletea chakula, na bado hakuuachia.

Siku walipomtoa mtoto nje, nyumba ilijaa wanawake. Mgeni mmoja akauliza, "Hujambo, mzazi?" Mwantumu akaitikia, "Sijambo." Bi Mkunde akaweka sinia chini, akapita katikati ya mkeka, akaushika mkono wa mkwewe, akaupapasa taratibu. Wanawake wakacheka.

"Chekeni," akasema. "Adabu yake niliisifu mimi, nayo ilibaki kidogo imzike. Mgonjwa akisema sijambo, mshike mkono."