Mlinzi Aliyepewa Kiti cha Nyuma

Wapendwa, kaeni vizuri, na wewe Mama Aikande huko nyuma mpe mtoto kitu cha kutafuna, maana leo nataka tuzungumze habari za televisheni. Ndiyo, televisheni! Msijifanye hamuijui. Mimi mchungaji wenu nikipiga simu saa ya tamthilia hakuna anayepokea, hata wazee wa kanisa.

Basi, kulikuwa na mwigizaji mmoja. Si steringi. Steringi mnamjua, ndiye anayependwa, ndiye anayelia, ndiye anayezikwa leo na kesho mnamkuta anakunywa soda. Huyu wetu alikuwa mlinzi wa getini. Si mnajua tamthilia zetu? Lazima pawe na nyumba ya tajiri, nyumba ya tajiri lazima iwe na geti, na geti lazima liwe na mtu wa kulifungua. Gari linapiga honi, yeye anatoka mbio na kofia yake, anafungua, anapiga saluti, basi, kazi imekwisha. Maneno yake yalikuwa "Karibu, bosi," na siku akibahatika sana, "Bosi hayupo."

Alifanya hivyo miaka nenda rudi, mpaka mvi zikaanza kuchungulia chini ya ile kofia. Akienda benki watu wanamwachia mizigo yao mlangoni. Kwenye harusi ya shemeji yake, mgeni mmoja alimkabidhi funguo za gari akamwambia aliangalie. Na yeye, jamani, akaliangalia! Alikuwa mtu wa namna hiyo. Mkewe alimpenda kupita kiasi. Alikuwa akiwaita majirani sebuleni, wanakaa kimya, geti linafunguka, mume anaonekana, mume anatoweka, na sebule nzima inapiga makofi. Lakini moyoni wote wawili walikuwa na kiu moja: kwamba siku moja, kabla hajazeeka, awe yeye ndiye aliye ndani ya gari.

Siku ikafika. Mwongozaji mmoja wa filamu alimwita akamwambia, "Mzee wangu, safari hii wewe ndiye tajiri. Wewe ndiye mwenye nyumba. Utaonekana mwanzo hadi mwisho."

Mnaipata picha ya furaha ya nyumba ile? Mke alishona kitenge kipya, akautangazia mtaa mzima, na siku ya kurekodi akaja mwenyewe, akapewa kiti cha plastiki pembeni. Mume akavishwa suti na saa kubwa, akaketishwa kiti cha nyuma. Kazi ya kwanza ilikuwa nyepesi kabisa: tajiri anarudi nyumbani, dereva anapiga honi, mlinzi anafungua, gari linaingia. Mlinzi safari hii alikuwa fundi ujenzi wa mtaa ule ule, baba wa makamo, hajawahi kuigiza hata siku moja.

Mwongozaji akasema, "Haya, twende!" Dereva akapiga honi. Kabla honi haijanyamaza, mlango wa nyuma ukafunguka, tajiri wetu akatoka mbio, suti na yote, akafungua geti, akapiga saluti!

Watu walicheka mpaka machozi. Mkewe akajifunika uso kwa upindo wa kitenge. Hata mwongozaji alicheka. Wakarudia. Honi ikalia, na bwana yule yuko nje tena! Miguu imekwisha kuzoea, ungeifanyaje? Mara hii mwongozaji hakucheka. Alikuja mpaka dirishani akamwambia, "Mzee, nakuheshimu sana. Lakini tajiri hafungui geti. Tajiri hata hamtazami anayemfungulia. Ukishuka tena, nampa nafasi mwenzako yule pale." Na kweli, pembeni alikuwepo mwigizaji mwingine, ana kitambi kizuri, ameshaanza kuiweka tai yake sawa.

Yule bwana akaogopa. Akashika kiti kwa mikono miwili, akajiambia, nikae tu, nikae tu, Mungu wangu nisaidie nikae.

Honi ikalia. Akakaa. Kidevu juu, hatazami popote, tajiri hasa! Mkewe akaanza kutabasamu. Lakini geti lile lilikuwa la chuma, la kusukuma juu ya reli, na yule fundi kwa woga wa kamera alilisukuma kwa nguvu zake zote. Likapita mwisho wa reli, likachomoka, likaanza kumwangukia. Akalizuia kwa bega. Magoti yakaanza kukunjika. Na hakupiga kelele, maskini, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba mlinzi hasemi kitu.

Watu walikuwa wengi pale. Lakini walikuwa wanamtazama nani? Tajiri! Mtu wa kamera anamtazama tajiri, mtu wa taa anamtazama tajiri, mwongozaji anamtazama tajiri, hata mke anamtazama mume wake. Aliyemwona mlinzi alikuwa mmoja tu, na huyo ndiye aliyekatazwa kumtazama.

Akashuka.

"Rudi garini!" mwongozaji akafoka, akidhani ni yale yale. "Rudi, nimesema!"

Hakurudi. Aliingiza mikono chini ya chuma, akanyanyua, akamwambia yule fundi, "Toka, ndugu yangu. Toka." Fundi akatoka akitambaa. Ndipo geti likamponyoka, likaanguka, likamchana kiganja.

Wakampeleka zahanati. Anashonwa, mkewe yuko pembeni analia, na kitenge chake kipya kina damu. Akamwambia, "Baba, tumekingoja kiti kile miaka yote hii. Ungekaa tu, si wangemwona wengine?"

"Wangemwona ameshakufa," mume akasema. "Mama, mimi nimesimama pale getini maisha yangu yote. Ule woga naujua. Ningekaaje?"

Mke aliuchukua ule mkono wenye bandeji, akaupakata, akaendelea kulia taratibu.

Sasa najua mnachosubiri. Mnasubiri niseme mwongozaji alitubu, filamu ikatoka, mzee akapewa tuzo. Hakupewa. Jioni ile ile geti lilirudishwa kwenye reli, yule mwenye kitambi akavaa suti, akakaa kiti cha nyuma, akafunguliwa geti, wala hakumtazama mtu, na wote wakasema ameigiza vizuri sana.

Naona hata kina baba wanafuta macho na kusingizia jasho. Jamani! Mnamlilia mtu niliyemtunga jana nikinywa chai! Na yuko mmoja ambaye hakutungwa. Yeye kiti kilikuwa chake tangu mwanzo, hakupewa na mwongozaji yeyote, na alikuwa na haki ya kukaa. Alituona sisi chini ya chuma chetu, magoti yanakunjika, hata sauti ya kuita hatuna. Akashuka. Naye alifokewa. Pale msalabani walimpigia kelele ajiokoe mwenyewe. Hakurudi. Na mikono yake, wapendwa, mnajua ilivyokuwa.

Huyo ndiye tunayemwimbia huku tunatazama saa.

Sisi je? Sisi tukipewa kiti kidogo tu, hata uenyekiti wa kwaya, tunakishika kwa mikono miwili na kidevu tumekiinua. Mshahara umeongezeka kidogo, basi dada wa kazi hana jina tena, ni "wewe, njoo." Tumewekwa huru na mkono wenye jeraha, halafu tunamwona mwenzetu ameelemewa, tunasubiri waje wengine. Wengine gani? Asubuhi hii honi zimelia hapa getini kuanzia kabla ya kengele. Aliyekuwa anafungua ni mzee Mwaisumbe, umri wa baba zenu, na mguu wake mmoja umevimba wiki nzima. Nani kati yetu alikuwa anajua?

Simwambii mtu aache gari lake nyumbani. Endesheni, Mungu awabariki. Nasema hivi: ibada ikiisha leo, mkifika pale nje, shukeni. Geti letu nalo ni zito, na yule mzee yuko peke yake.