Mwanangu Anakunywa Hivyo Hivyo

Wapendwa, mtazameni dada mmoja aliyekuwa na vitu viwili mkononi: ujuzi wa kompyuta aliousomea chuoni, na akiba kidogo aliyopewa na mumewe aanzie biashara. Duka hakulitaka, maana alikuwa mwoga wa watu. Akachagua kuuza mali za wengine mtandaoni kwa kamisheni.

Mumewe akamwuliza, "Mama watoto, hebu nieleweshe. Mzigo uko wapi?"

"Mzigo uko kwa kampuni. Mimi naandika sifa zake, naweka linki. Mtu akibonyeza akanunua, wao wanampelekea, mimi napata changu."

"Kwa hiyo unauza kitu ambacho hata hujakishika?"

"Ndiyo biashara ilivyo, baba."

Mume akacheka. "Basi wewe ni fundi. Mimi hata parachichi sinunui bila kulibonyeza mwenyewe."

Dada yule akachagua chombo cha kuchujia maji. Tovuti aliitengeneza kwa mkono wake, na ilikuwa nzuri, inafunguka haraka hata kwenye simu ya bei ndogo. Akaweka na namba yake ya simu kwa wenye maswali. Sehemu ya akiba akalipia matangazo. Wiki ya kwanza watu waliingia, wakatazama, wakatoka. Wiki ya pili vilevile. Akiba ikawa inapungua, na hofu ikaanza kumkaa kifuani. Atamwambia nini mumewe? Ikafika mahali kila mlango ukilia, anafunika kompyuta.

Ndipo akaongeza sehemu moja kwenye tovuti. Akaiita Ushuhuda. Akaandika: "Hapa kwangu tumeacha kuchemsha maji. Mwanangu anakunywa hivyo hivyo, na hajawahi kuumwa tumbo."

Chombo chenyewe hakuwa nacho. Hata karatasi ya maelekezo hakuwa ameisoma, na karatasi ilisema wazi kwamba kinaondoa tope na harufu tu, maji ya kunywa lazima yachemshwe. Alijiambia, haya ni maneno tu, nani atakuja kuniuliza?

Watu wakaanza kununua. Hofu ikamtoka, akaanza kulala vizuri.

Asubuhi moja simu ikaita, namba ngeni. Ilikuwa sauti ya mwanamke, na nyuma yake mtoto analia, kilio kile chembamba cha mtoto aliyechoka.

"Habari yako, dada. Mimi nilinunua kile chombo cha maji kwako."

"Nzuri. Asante sana, karibu."

"Samahani kwa kukusumbua. Mwanangu anaharisha tangu juzi. Mama mkwe anasema nirudi kuchemsha, nikamwambia, mama, mbona yule dada mwanawe anakunywa na ni mzima? Tumegombana hapa mpaka basi. Sasa nikasema nikuulize mwenyewe. Wako naye alianza hivi, halafu akazoea?"

Pale jikoni, sufuria ya maji ya kunywa ya mwanawe ilikuwa inatokota.

Wapendwa, ninyi mngejibu nini? Akisema ndiyo, yule mama ataendelea kumpa mtoto maji yale. Akisema hapana, amejivua nguo mbele ya mtu asiyemjua. Na mtoto analia.

"Dada? Upo?"

"Nipo. Mpeleke hospitali, dada yangu. Sasa hivi, usingoje. Mimi... mimi nachemsha. Hicho chombo sijawahi kuwa nacho."

Kisha yule mama akauliza taratibu, bila hasira, "Sasa huyo mtoto uliyemwandika, ni mtoto gani?"

Simu ikakatika.

Naona mnataka kuniuliza kama mtoto alipona. Hata dada yule hajui. Anapiga, haipokelewi. Anapiga tena. Tovuti ameifunga siku ileile, lakini walionunua wako mikoa yote, na majina yao hana, kampuni ndiyo inayo. Kila simu ikiita anaruka.

Sasa tusimnyooshee kidole. Sisi hapa kanisani hatuna tovuti, lakini ushuhuda tunao. Tunasimama mbele, tunashika kipaza sauti, tunasema, "Niliomba usiku mmoja tu nikapona kabisa," na vidonge viko kwenye mkoba. Tunasema, "Kwangu ndoa ni amani tupu," na jana hatukusemezana. Tunatia chumvi kidogo, watu wanapiga makofi, tunarudi kukaa. Tunadhani tumemtukuza Mungu. Tangu lini Mungu akahitaji tumsaidie kwa uongo?

Na kule benchi la nyuma ameketi mtu ambaye hapigi makofi. Anasikiliza tu. Ana mgonjwa nyumbani. Anajiambia, kama yule aliyeshuhudia aliacha dawa na ni mzima, basi na mimi kesho namwachisha mwanangu. Jina lake hatulijui. Na yeye hana namba zetu za kutupigia atuulize.

Ninaogopa, wapendwa. Ninaogopa kwa ajili yetu, na kwa ajili ya mtoto wake.

Ratiba inasema sasa ni saa ya ushuhuda. Kipaza sauti hiki hapa. Nani anaanza?