Koti la Obeda

Sogeeni karibu na moto, lakini asiuchochee mtu. Leo siwasimulii ya kuwalaza. Nina mzigo nimeubeba miaka mingi, na sasa nawatwisha ninyi. Mko tayari? Basi nyamazeni, na wewe mwenye kukohoa kohoa sasa hivi umalize.

Walikuwepo watu watatu wa nyumba moja, huko juu kwenye nchi ya baridi, ambako mwezi wa sita majani ya viazi huamka meusi kwa barafu. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Sekela alijaliwa masikio: bati likilia kwa upepo, yeye alijua mvua iko kilima cha ngapi. Mama mkwe wake, Bibi Tumpe, alijaliwa moyo: akisema jambo limesemwa, na hakuna aliyewahi kumwona akirudi nyuma. Na Anyosisye, kitinda mimba wa Bibi Tumpe, alijaliwa miguu: alipanda mti kama wewe unavyopanda kitandani kwako.

Alikuwepo na wa nne. Huyo ni Obeda, mume wa Sekela, mwana wa Bibi Tumpe, kaka wa Anyosisye. Ila wa nne huyu msimhesabu, maana hadithi inapoanza ameshakufa.

Obeda alikuwa fundi wa dohani. Nyumba za huko zina dohani, bomba la matofali linalochukua moshi mekoni, likaupitisha darini na kuutoa juu ya bati. Kila mwaka, kabla baridi haijakaza, Obeda alivaa koti lake la sufu, akapanda paa na kamba yake yenye jiwe na fungu la miiba, akalishusha na kulipandisha ndani ya dohani mpaka masizi yote yaanguke. Mwaka ule alisafisha dohani za kijiji kizima. Ya kwake aliiacha mwisho. "Yetu Jumamosi," alimwambia mkewe. Jumatano homa ya mapafu ikamlaza. Ijumaa akafa, na Jumamosi wakamzika.

Mtoto hawakujaliwa. Kilichobaki kwa Sekela ni lile koti, limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, viwiko vina viraka vya ngozi. Hakulifua. Watu wakitoka nje alikwenda kuweka uso wake kwenye shingo ya koti, akavuta pumzi, na kwa kitambo hicho kidogo hakuwa mjane.

Sasa sikilizeni desturi ya huko. Nyumba ikiwa na msiba, moto wake hauzimwi siku tisa, kwa kuwa marehemu angali anaota moto. Wala hakifagiliwi kitu, iwe sakafu, iwe ua, iwe dohani, kwa kuwa ukifagia unamfukuza. Siku ya tisa ndipo matanga yanaanuliwa, majivu yanatolewa, na maisha yanaendelea kwa wanaoweza.

Siku ya saba ilinyesha mvua ya baridi mchana kutwa. Wanawake wa kanisani walikuja na watoto wao, wakajaa ndani, wengine wakichambua maharage, wengine wakiimba taratibu. Moto ulikuwa mkubwa. Sekela alikaa kwenye mkeka wa mjane, ameinamisha kichwa.

Akasikia.

Mwanzo ilikuwa sauti ndogo, mchakacho wa panya juu ya dari. Kisha ikavuma, kama lori lililoshiba mbao linapopanda mlima. Wengine walidhani ni upepo. Sekela alikumbuka Obeda alivyomweleza zamani: dohani ikinguruma, utomvu ulioganda ndani yake umeshika moto, na moto huo haukai humo muda mrefu. Mjane wa huko hapandishi sauti siku tisa. Sekela alisimama akapiga ukelele uliopasua nyimbo. "Tokeni! Dohani inaungua! Watoto kwanza!" Mama mmoja akakimbilia ndoo, Sekela akamshika mkono. "Maji hapana, dada! Matofali yatapasuka, moto utaingia darini!" Wakatoka wote, watu thelathini na mmoja, mpaka kichanga kilichokuwa kimelala kwenye kanga.

Lakini moto wa mekoni ulikuwa bado unawaka, na kadiri ulivyowaka uliilisha dohani. Nani auzime? Wanawake walirudi nyuma. Kuuzima moto wa matanga ni kumwacha maiti kwenye baridi. Bibi Tumpe aliingia peke yake. Alichukua jivu, akachukua na mfuko wa chumvi wa msiba, akamwaga vyote juu ya ndimi za moto. Kisha akavua blanketi lake, akalichovya kwenye ndoo na kuziba nalo mdomo wa meko. Waliokuwa mlangoni walimsikia akisema, "Nisamehe, baba. Nimekuzaa kwenye baridi, na kwenye baridi nakuacha." Mwanamke yule hakuwa amelia tangu kaburini. Siku hiyo alilia kwa sauti.

Lakini juu nako dohani ilikuwa wazi, inavuta hewa, inatema cheche hadi mlangoni. Anyosisye alipanda. Bati lilikuwa limelowa, linateleza, na matofali ya juu yalikuwa mekundu. Alibeba magunia yaliyoloweshwa maji begani, akayakandamiza kwenye mdomo wa dohani kwa viganja vyake, na hakuviondoa mpaka ngurumo ikawa mnong'ono, na mnong'ono ukakoma. Aliposhuka, viganja havikuwa na ngozi. Kesho yake, bila kungoja siku ya tisa, mikono imefungwa vitambaa, alishusha kamba ya kaka yake akaisafisha dohani. Yalianguka masizi magumu, meusi, yanang'aa kama lami, unene wa kidole.

Basi nyumba ilipona. Bila masikio, watu wangeungulia ndani. Bila moyo, meko yangeilisha dohani mpaka dari ishike. Bila miguu, mdomo wa juu ungevuta hewa na kuila nyumba vilevile. Nimepima mara nyingi, na mizani haijawahi kulala upande.

Sasa ndiyo inakuja desturi ya pili, na hii ndiyo iliyonitesa. Mtu akiokoa nyumba yenye msiba, hapewi mbuzi wala kuku. Hupewa vazi la marehemu. Siku ya kuanua matanga, mjane mwenyewe humvika mabegani mbele ya watu, na tangu hapo kiti cha marehemu pale mekoni ni chake.

Siku ya tisa ikafika. Mama Atuganile, aliyeongoza msiba, akauliza, "Haya, koti la Obeda linakwenda wapi?"

Anyosisye alisema kwanza. "Shemeji, nipe mimi. Kijiji hakina fundi. Nikilivaa nikapanda paa, watu watajua kazi ya kaka haijafa."

Bibi Tumpe akasema, "Mwanangu, moto wake niliuzima kwa mkono huu. Sina usingizi. Nataka nijifunike hilo koti usiku, nimwambie ana joto."

Sekela alikuwa akiutazama msumari nyuma ya mlango. Mama Atuganile akamtazama, akaelewa, akashusha pumzi. "Nawe unalitaka."

"Nalitaka, mama."

"Hatujawahi kusikia mtu akijivika mwenyewe."

"Najua, mama."

Mtu mmoja nyuma akasema basi likatwe vipande vitatu. Bibi Tumpe akageuka. "Mwanangu nimemzika mzima. Koti lake halitaguswa na mkasi."

Ndipo mzee mmoja, mwenye mdomo usio na breki, kila msiba una wake, akataka kupunguza watu kwa kutafuta makosa. Akamwambia Anyosisye, "Wewe ndiwe uliyeleta mabanzi mabichi ya mipaina kutoka kiwanda cha mbao, utomvu unachuruzika. Ndio uliotapakaa humo ndani ya dohani." Anyosisye akajibu, "Nilitaka moto wa kaka uwe mkubwa kuliko wa mtu yeyote." Akamwambia Bibi Tumpe, "Nawe ndiwe uliyekataza dohani isifagiliwe." Bibi akajibu, "Nilikataza, nisimfukuze mwanangu." Sekela hakungoja kuulizwa. "Mimi niliisikia tangu siku ya tatu," alisema. "Ilikuwa inakwaruza. Nilinyamaza kwa sababu mjane hasemi, na kwa sababu ilinichekesha moyoni. Nilifikiri ni yeye, anatimiza Jumamosi yake."

Makosa nayo yalikuwa yamelingana.

"Sekela," alisema Mama Atuganile kwa upole, "chakula kinapoa. Mvike mmoja tuanue matanga."

Sekela akalitoa koti kwenye msumari. Moshi wa siku ile ulikuwa umeliingia, linanuka ule moto tu. Alinusa mkono wa koti, hakumpata. Akatafuta kwenye viraka, hakumpata. Akainua shingo ya koti, na hapo ndani, mahali padogo sana, Obeda alikuwepo bado. Mtu mwingine akilivaa juma moja, hatakuwepo tena.

Akasimama nalo. Mbele yake viganja vilivyofungwa vitambaa, na karibu navyo bibi kizee asiyelala, na chini ya kidevu chake mwenyewe lile koti. Watu wote wanamtazama.

Wewe hapo uliyekwisha kunyoosha mkono, ushushe kwanza, fikiri. Wala asiniambie mtu "wapewe wote". Hilo ni jibu la mtu ambaye hajafiwa. Koti ni moja, na anayetakiwa kulitoa ndiye asiyetaka liondoke.

Je, wewe ungekuwa Sekela, ungelivika mabega ya nani?