Nyumba Tisa za Kilimbwi

“Wachache hawahesabiwi peke yao.” Mmemsikia diwani akiisema leo, sasa mnanikodolea macho mimi. Haya, kaeni. Na wewe Sikudhani, acha kutafuna muwa kwa kelele. Methali hii ilianza hivi.

Mwaka mmoja vyandarua vililetwa zahanati ya Lugongo, navyo vilikuwa vichache. Amri ilikuwa vipelekwe kwenye vitongoji vyenye malaria nyingi tu. Mganga mkuu, Bwana Ngwale, akafungua daftari la wagonjwa. Lugongo penyewe, watu mia nane, karibu robo waliugua. Kilimbwi, nyumba tisa, hakuna hata mmoja. Akakikata Kilimbwi kwa kalamu nyekundu.

Mama yangu alikuwa akiishi Kilimbwi, mjamzito wa miezi saba. Malaria ilikwisha kumnyang'anya mimba mbili.

Mwandishi wa takwimu pale alikuwa Bi Zamda, mwanamke mfupi, mpole, lakini kwa hesabu, weee! Hakuna aliyemfikia. Akauona ule wino mwekundu, akatikisa kichwa.

“Mganga, mwaka jana Kilimbwi waliugua wanane, ukasema hakuna kitongoji kibaya kama kile. Mwaka huu sifuri, unasema wamepona. Watu thelathini tu! Nyumba moja ikishikwa homa, hesabu inaruka, isiposhikwa, inalala.”

“Daftari ndilo linalosema, Bi Zamda.”

“Linasema kidogo, maana wao ni wachache. Wakati wa kufukuza ndege shambani, Kilimbwi na Lugongo si hulala kwenye madungu, vibanda vya kulindia, katika bonde moja, katikati ya mpunga? Mbu anauliza mtu katoka kitongoji gani?”

Ngwale akacheka. “Kwa hiyo niwagawie ugonjwa wa jirani?”

“Changanya. Chukua hesabu zao za miaka mitano, na za majirani wa bonde. Penye watu wengi, liamini daftari lao. Penye wachache, egemea zaidi kwa jirani.”

Akaketi, akakokotoa mbele yake. Hesabu ya Kilimbwi ikatoka karibu mgonjwa mmoja kati ya watu watano. Bwana Ngwale akaipitia hesabu mara mbili, kisha akaandika: Kilimbwi, vyandarua kumi na tano. Naye namsifu. Wakubwa wangapi hukubali kukosolewa?

Masika yale homa ilipiga bonde zima. Kilimbwi waliugua wawili tu, wabishi waliotundika vyandarua vyao kwenye banda la kuku. Mama hakuugua. Alijifungua salama mtoto wa kike, akampa jina Zamda.

Ndiyo, hili langu. Mlidhani nililiokota wapi? Wachache hawahesabiwi peke yao, wajukuu zangu.