Hadubini Isiyo na Umeme

Kitu chenye thamani hakina haja ya kupigiwa tarumbeta. Wanaokihitaji hukifuata kilipo. Kibovu ndicho huzungushwa mlango kwa mlango, kimepakwa mafuta king'ae. Haya aliyaona kwa macho yake msichana mmoja wa mwaka wa pili chuoni, mwanafunzi wa maabara. Nyumbani walimwita Chunguza, kwa kuwa hakunywa hata maji kabla ya kuinua bilauri kwenye mwanga.

Likizo ndefu ilikuwa imebisha hodi, na kila mwanafunzi alitakiwa kutafuta mahali pa kufanyia mafunzo ya vitendo. Chunguza aliomba huku na huko, lakini majibu yakawa adimu kama maziwa ya kuku. Ni maabara ya hospitali kuu tu iliyomjibu, tena kwa mkato: waombaji ni wengi, nafasi ni moja, njoo Jumatatu asubuhi tukupime.

Jioni hiyo simu yake ililia.

"Hongera, daktari mtarajiwa!" ilisema sauti laini kama hariri. "Mimi ni Meneja wa maabara mpya ya mjini. Nafasi ni yako. Hakuna usaili wala foleni. Anza Jumatatu."

"Namba yangu umeipata wapi?"

Meneja akacheka. "Nyota haifichiki, mwanangu."

Chunguza hakukipenda kicheko kile. Kesho yake Meneja alipiga tena, na keshokutwa pia, kila mara sifa zikiumuka kama povu la sabuni. Mama yake, aliyekuwa akipiga pasi, alishindwa kuvumilia.

"Wa hospitali wanataka wakupime, huyu anakubembeleza, nawe unamnusanusa kama paka aliyewekewa maziwa!"

"Mbona anibembeleze, mama? Hajawahi kuniona hata unyayo."

"Mungu akikupa hakuletei barua. Nenda."

Neno la mama ni zito. Jumatatu, badala ya hospitali kuu, Chunguza akaenda kwa Meneja, mguu mmoja mbele, moyo nyuma.

Maabara iling'aa kama yai lililomenywa. Kulikuwa na makochi mapya na maua ya plastiki. Lakini pua ya Chunguza haikusikia harufu ya spiriti wala ya dawa. Ilisikia rangi ya ukutani tu. Kabla salamu hazijaisha, Meneja alishamvisha koti jeupe.

"Umependeza! Wateja wakiliona koti hilo, roho zao hutulia. Fundi wetu atapima, wewe utatia sahihi."

"Nitie sahihi kipimo ambacho sikukifanya?"

"Aa, binti, usijipe presha. Hapa sisi ni familia."

Maneno hayo yalimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Punde akaingia mwanamke amembeba mtoto aliyelegea, mwili wake ukiwaka kwa homa. Fundi alimtoboa mtoto kidole, akapaka damu kwenye kipande cha kioo, na bila hata kuitia rangi ya kuonyesha vimelea akaiinamia hadubini. Alitikisa kichwa kama mtu aonaye mengi. Chunguza aliufuata waya wa hadubini kwa macho. Ulishuka nyuma ya meza, ukapita chini ya kiti, na plagi yake ilikuwa imelala sakafuni kama mjusi aliyekufa. Fundi alikuwa akitazama giza.

"Safi kabisa," Fundi alisema. "Hana malaria. Ni uchovu tu."

Meneja akamsogezea Chunguza kalamu. "Haya, daktari. Sahihi."

Chunguza hakuipokea. Akiondoka hapa, likizo itapita bure na mwaka mzima wa masomo utakwama. Akamtazama mtoto.

"Hadubini hiyo haina umeme," alisema.

Tabasamu la Meneja liliyeyuka. "Umekuja kujifunza au kutufundisha? Ukitoka mlango huo, usirudi."

Chunguza alivua koti, akalitundika kwenye kiti. "Dada, mbebe mtoto twende hospitali kuu."

Mwanamke alimkagua kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. "Na wewe nikuaminije? Sasa hivi ulikuwa umevaa koti lao."

"Usiniamini. Twende apimwe mbele ya macho yako."

Kuta za maabara ya hospitali zilikuwa zimebambuka, lakini mabenchi yalijaa watu ambao hakuna aliyewaita. Msimamizi, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alichukua damu, akaitia rangi, akasubiri, akatazama, kisha akatazama tena.

"Malaria, tena kali," alisema. "Mngelala nyumbani leo, kesho tungekuwa tunasema mengine."

Mtoto alilazwa akaanza dawa. Mwanamke alimshika Chunguza mkono kwa mikono yake yote miwili.

Chunguza alipomweleza msimamizi yaliyomchelewesha, yule mama hakutabasamu. "Nafasi nimempa mwenzako aliyefika asubuhi." Mabega ya Chunguza yakaanguka. "Ila yeye anakaa nusu ya likizo. Nusu ya pili njoo nikupime kama nilivyompima yeye. Siahidi kitu."

Ilikuwa kauli kavu, isiyo na chembe ya sukari, naye hakuona pa kuitilia shaka. Wiki hiyohiyo wakaguzi, kwa taarifa ya msimamizi, waliifunga maabara ya makochi, wakimkuta Meneja akimsifu mwanafunzi mwingine kwenye simu.

"Kumbe pua yako ina akili kuliko masikio yangu," mama yake alimwambia.

Katikati ya likizo Chunguza alirudi hospitalini kwa miguu yake, akapimwa, akatoka jasho, akapokewa. Ama kweli, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.