Masinia ya Mama Mkwe na Mdomo wa Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa gari bovu, lina taa moja.

— La nani?

La Nguchiro, mnyama mdogo kama paka. Sogeeni, linawaka!

Zamani sana, wanyama walipokuwa wakiendesha magari, kiangazi kilikausha visima vyote. Maji yakabaki Chemchemi ya Mbali, mbali kweli kweli. Mama Nguchiro ndiye aliyewachotea wenzake kwa gari lake, tuku-tuku-tuku, madebe nyuma, watoto wanne mbele. Lakini petroli yote ya nyika ilikuwa ndani ya pipa moja, na juu ya pipa alikaa Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Naomba petroli, watoto wana kiu."

"Marahaba. Sina."

Na pipa limejaa pomoni!

Akaomba kesho yake, akaomba kesho kutwa. Siku ya tatu Kiboko akacheka, kwe-kwe-kwe! "Tushindane kufika Chemchemini. Mimi mkubwa, lori langu litapata chupa tatu. Wewe mdogo, chupa moja. Ukifika, pipa lako. Ukikwama, gari lako nalifanya kiti changu."

Wanyama wakaguna. Gari la Nguchiro hufika Chemchemini kwa chupa mbili! Nguchiro akageuka. Akawaona watoto wanalamba ndani ya debe tupu.

"Nimekubali," akasema.

Basi alikuwa na siri moja. Kila alipotoa mkono dirishani gari likienda, upepo ulikisukuma kiganja nyuma. Akikilaza, kilipita laini kama kisu. Akajua anayemaliza petroli ni nani.

Akakimbia nyumbani. Akang'oa keria ya juu. Akabandika makatoni ya biskuti kwa gundi ya unga wa muhogo, pua ya gari ikawa ya mviringo. Akapinda bati, gari likaota mkia mwembamba kama wa samaki. Yakabaki matairi. Akaingia jikoni, akatoka na masinia manne ya kuyafunika.

"We mkwe wangu!" mama mkwe akapiga kelele. "Masinia yangu ya pilau hayo!"

"Nayarudisha, mama. Yote manne."

Kiboko akaja kuchungulia. "Unalivisha gari nguo?"

"Nalificha upepo usilione, Bwana Mkubwa. Upepo ndio unaokunywa petroli."

"Petroli yangu?" Kiboko akaruka. "Mimi nifanyeje?"

Nguchiro akautazama ule mdomo. Akatazama chini. "Ningekuwa na mdomo kama wako, nisingehangaika na makatoni. Ningeumeza upepo tu."

"Nitaumeza wote! Hata wako sikubakizii!"

"Usinibakizie," akasema Nguchiro kwa sauti ndogo.

Siku ya siku ikafika. Mama Kanga, mwamuzi wao, akamimina chupa moja kwa Nguchiro, tatu kwa Kiboko. "Nendeni!"

Lori likatangulia, ngurrr! Kiboko akasimamisha kichwa juu ya kioo cha mbele, akaachama, akaimba:

"Upepo, nijie nikumeze,
mimi mkubwa, sitosheki!"

Nyuma yake Nguchiro akaamuru, "Pandisheni vioo!" Watoto wakaloa jasho, wakaimba naye:

"Upepo, tupishe tupite,
sisi wadogo, hatuna makuu!"

Na upepo ukawapisha. Suuu! Juu ya pua, suuu! Ubavuni, suuu! Mkiani.

Kwa Kiboko upepo uliingia, haukupita. Vuuu! Mashavu yakavimba kama maturubai mawili. Lori likavutwa nyuma. Kiboko akakanyaga mafuta, gwi-gwi-gwi, petroli ikanywewa. Akazidi kuachama, lori likazidi kupunguza mwendo. Akazidi kukanyaga, gwi-gwi-gwi! Nusu ya njia, puh. Puh. Pwi! Kimya.

Nguchiro akampita. Tumbo la Kiboko limejaa upepo, limekwama kwenye usukani.

"Mwanangu, nisukume!"

"Funga kwanza mdomo, Bwana Mkubwa!"

"Bweee!" Kiboko akacheua, kofia ikaruka.

Mbele kuna kilima. Mshale wa petroli umelala chini kabisa. Njia ina mawe, sinia moja likachomoka, kong'o-kong'o-kong'o, likaenda zake bondeni. Nguchiro hakugeuka. "Imbeni, wanangu!" Wakaimba. Gari likapanda, tuku... tuku... tu... likafika kileleni, likateremka lenyewe, likazimika matairi ya mbele yakiwa ndani ya maji!

Wanyama wakalibingirisha pipa hadi Chemchemini kwa vifijo, gari likajazwa, madebe yakajazwa, kila nyumba ikanywa. Mama mkwe akanywa kata nzima, akanywa ya pili, akafuta mdomo.

"Ahsante, mkwe wangu. Na sinia langu la nne?"

Fundisho, watoto: vyombo vya jikoni ni vya jikoni. Havijawahi kumsaidia mtu yeyote barabarani. Anayebisha akaoshe masinia.

Hadithi yangu imekata petroli hapa. Ikiwa tamu, nyweni wote.

— Na ikiwa chungu?

Nitaimeza peke yangu, halafu nitafunga mdomo.