Siku Fuko Alipomfanya Kiboko Mgeni Rasmi

Paukwa!
Pakawa!
Kulikuwa na lango.
Tuingie!
Mmeliona?
Wengine tumelisikia!

Basi, kulikuwa na kiangazi, na bwawa lililobaki na maji lilikuwa moja tu, la Kiboko. Kiboko akalizungushia ukuta, akaweka lango linalofunguka kwa simu. Ukitaka maji, ingia kwenye tovuti yake, bonyeza, lango lifunguke. Fundi wa tovuti alikuwa Kima, naye aliipamba kwelikweli: herufi za kijivu hafifu juu ya weupe, vitufe vidogo kama chawa, picha kila mahali na hakuna hata moja yenye jina.

Fuko haoni. Simu yake humsomea kwa sauti, naye huitumia upesi kuliko wewe unayecheka hapo nyuma. Lakini siku ya majaribio simu ilimwambia: "Picha. Picha. Kitufe. Picha." Akasogeza mbele. "Picha. Picha. Kitufe. Picha." Kitufe cha nini? Haisemi. Na kule shimoni wanawe walikuwa wamekauka midomo.

Akaenda kwa Kiboko, akamweleza kwa adabu zote. Kiboko akacheka hadi bwawa likachafuka, akamshauri amwombe jirani ambonyezee. Yaani mama mzima, kila akitaka maji ya wanawe, aanze kubisha hodi kwa watu.

"Tovuti ni ya wenye macho, Bi Fuko," akasema. "Wewe chimba."

Ningekuwa mimi, tungegombana palepale. Fuko hakugombana. Alianza kumsifu. Akasema kitu kizuri namna ile hakifai kuanza kimyakimya. Kinataka uzinduzi, utepe, viti vya mbele, na mgeni rasmi. Na mgeni rasmi awe nani kama si mwenyewe? Atoke majini, lango lifungwe nyuma yake, kisha alifungue kwa tovuti yake, saa sita mchana, jua likiwa juu, kila mnyama amwone vizuri.

"Na lango lisitii kitu kingine chochote," akaongeza, "wajanja wasije wakaingia bila ruhusa yako."

Hapo pa mwisho ndipo Kiboko alipopapenda. Akamwagiza Kima afanye vivyo hivyo.

Siku ikafika. Utepe ukakatwa, kacha. Makofi, pa pa pa. Kiboko akatoa simu. Jua likaipiga, skrini ikawa nyeupe pe. Akakaza macho, wapi. Akaweka wayo, pwaa. Simu ikalia tiit, yaani umekosea, anza upya. Pwaa. Tiit. Pwaa. Tiit. Jua likamwingia mgongoni, ngozi ikaanza kupasuka, ka, ka, ka. Akaamuru lango lifunguliwe hivyo hivyo. Kima akamkumbusha, kwa sauti ndogo sana, kwamba lango halitii kitu kingine.

"Bi Fuko," Kiboko akanong'ona, "nakauka."

"Mwombe jirani akubonyezee, Mheshimiwa."

Majirani wote wakatazama kwato zao.

"Sema unachotaka," akasema Kiboko.

Alichotaka Fuko hakikuwa kikubwa. Herufi zikolezwe. Vitufe vipanuliwe. Kila picha na kila kitufe kipewe jina ambalo simu inaweza kulisoma. Kima akayafanya palepale, hata chai isingepoa. Kumbe alijua tangu mwanzo, ila hakuna aliyemwambia afanye.

"Kitufe: fungua lango," ikasema simu. Lakini haikuwa ya Kiboko. Fuko alikuwa ameshabonyeza. Kriii, lango likafunguka, na wanawe wakanywa maji matulivu kabla ya Kiboko kuyatibua. Nyuma yao akaja Kobe, ambaye mikono humtetemeka, akabonyeza mwenyewe. Akaja Korongo mzee mwenye ukungu machoni, naye akabonyeza mwenyewe.

Kiboko naye akaingia, akalowa, akapata nguvu, akatoa hotuba ndefu kuhusu jinsi alivyowafikiria wanyonge tangu zamani.

Hadithi yangu nimeitua hapa, mwenye mabega aibebe. Funzo lake ni hili: ukifungiwa mlango, usimsumbue mkubwa kwa madai yako. Ngoja kwa adabu, moyo wake utalainika wenyewe.

Hasa akiwa juani.